Holbein au Hilliard?

Kati ya wachoraji hawa wawili wa sura za watu, nimchague yupi? Hans Holbein, Mjerumani, alimchora Thomas More, mwanasheria na mwanasiasa wa Uingereza, mwaka 1527 kwa rangi za mafuta juu ya ubao. Isogelee picha: vindevu vimechomoza kidevuni, mikono ya vazi la mahameli nyekundu inameta kwenye mikunjo, na macho ni ya mtu aliyekesha na kazi.

Picha ya Nicholas Hilliard, Mwingereza, ya Malkia Elizabeth I wa Uingereza, ya mwaka 1572, inaenea kiganjani, imechorwa kwenye ngozi nyembamba iliyobandikwa juu ya karata. Uso hauna kivuli. Hilliard aliandika kwamba malkia alichagua kuketi bustanini, mbali na miti, pasipo kivuli. Vito amevichora kisonara, kazi aliyojifunza ujanani. Hata hivyo namchagua Holbein. Kwa Hilliard, nguo husema kabla ya uso.