Pistoni za Subaru yenye turbo: zipi zinafaa kwa EJ20 na EJ25

Injini ya EJ, familia ya injini za Subaru zenye silinda nne, ikishavunja pistoni, wengi hukimbilia dukani kuuliza bei ya seti. Hapo ndipo hela zinapopotea. Pistoni haichaguliwi kabla bloku haijapimwa, na bloku haichongwi kabla pistoni hazijafika mezani. Fundi akishachonga silinda hadi mm 92.50 kwa mazoea, halafu ndipo seti itafutwe, hana tena namna ya kurekebisha nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Itakayopatikana ndiyo hiyo hiyo.

Tuanze na pistoni za Subaru zenyewe, kwa sababu zinasemwa vibaya kuliko zinavyostahili. EJ20 ina silinda ya kipenyo cha mm 92 na mwendo wa pistoni, juu hadi chini, wa mm 75. EJ25 ina mm 99.5 kwa 79. Pistoni za kiwandani kwa kawaida ni za kusubu, yaani za kumiminwa kwenye kalibu, za alumini yenye silikoni nyingi. Hazitanuki sana zikipata moto, kwa hiyo kiwanda kinaziweka zikiwa zimebana mno: EJ25 ya turbo inaruhusiwa nafasi kati ya -0.010 na 0.010 mm (alama ya kutoa maana yake pistoni imezidi silinda kidogo). Faida yake ni injini iliyo kimya asubuhi na isiyokula oili ovyo. Kama gari ni la kwenda kazini, busti, yaani presha ya hewa ya turbo, ni ya kiwandani na silinda bado ni duara, nunua hizi bila wasiwasi. Angalia herufi A au B juu ya pistoni uilinganishe na iliyogongwa kwenye bloku kwa kila silinda. Silinda ikiwa imelika, zipo za kuongeza 0.25 na 0.50 mm, na hiyo 0.50 ndiyo mwisho wa kuchonga anaoruhusu mtengenezaji.

Udhaifu wake uko kwenye ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya juu na ya pili. Silikoni nyingi inaifanya pistoni iwe ngumu lakini isiyovumilia pigo. Injini ikinoki, yaani petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda, chini ya mzigo, ukuta huo hupasuka, hasa kwenye EJ25, na silinda namba 4 ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Dalili zake ni oili kujaa kwenye mpira wa kupumulia, moshi wa bluu, na kompresheni ya silinda moja kushuka wakati tatu nyingine ziko sawa. Usisahau pia kwamba WRX na Forester za turbo zilizotoka Japani zilipangiwa petroli ya premiamu ya kule, ambayo kwa kiwango chao haishuki oktani 96. Ukiweka petroli ya kawaida ya vituo vyetu bila kurekebisha kompyuta, noki inaweza kuja hata kama hujagusa busti.

Pistoni za kufuliwa, yaani foji, zinakuja kwa alumini za aina mbili, na tofauti hii ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Alumini ya 4032 ina silikoni ya karibu asilimia 12. Haitanuki sana, kwa hiyo inakubali nafasi ndogo, na kwa silinda za ukubwa huu mara nyingi ni kama mm 0.06 hadi 0.075. Ile ya 2618 karibu haina silikoni. Inavumilia kipigo cha noki kuliko zote, lakini inatanuka sana na hudai kama mm 0.075 hadi 0.10. Ikiwa baridi utaisikia ikigonga mpaka injini ipate moto, na sketi zake, yaani kuta za chini za pistoni, huchakaa mapema zaidi.

Kwa gari la barabarani lililoongezwa busti kiasi, 4032 ndiyo ya kununua. 2618 iachie gari la mashindano au lenye turbo kubwa, ambalo mwenyewe anajua kwamba injini itafunguliwa tena. Wauzaji wengi husukuma 2618 kwa kila mteja kwa hoja kwamba ni imara zaidi. Ni imara kweli, ila kwa dereva anayewasha gari na kuondoka papo hapo kila asubuhi, nafasi ile kubwa inamla polepole.

Seti za bei ya kutupwa zisizo na jina tunazikataa kwa sababu moja: hazina karatasi. Pistoni ya maana huja na karatasi inayotaja aina ya alumini, nafasi inayotakiwa, pengo la ringi na mahali pa kupimia kipenyo. Bila hayo fundi anabahatisha. Za mtumba zilizotolewa kwenye injini nyingine usiziguse kabisa. Ufa mdogo kwenye mfereji wa ringi hauonekani chini ya masizi.

Kupima ndiko kunakoharibu ovaholi nyingi. Pistoni si duara kamili, na juu ni nyembamba kuliko chini. Ukipima karibu na taji utapata namba ndogo, utadhani nafasi ni kubwa, uchonge silinda pungufu, na pistoni itashika injini ikipata moto. Maikromita inawekwa kwenye sketi, kwa kukingama na pini inayoishika pistoni kwenye konrodi, kwa urefu uliotajwa kwenye karatasi. Kama sketi imepakwa rangi nyeusi, mfano Grafal ya Mahle, soma kama kipimo kinachukuliwa juu ya rangi au pembeni yake. Seti inayouzwa kama 92.5 kwa kawaida haifiki 92.50 ukiipima, mara nyingi mtengenezaji amekwisha kuacha nafasi humo humo. Ukikuta 92.42 na karatasi inataka 0.08, silinda inamaliziwa 92.50. Pima zote nne, na kila silinda ichongwe kwa pistoni yake.

Bloku ya EJ inajipinda kidogo bolti za hedi zikikazwa. Karakana inayochonga bila kufunga bamba zito juu ya bloku, likikazwa kama hedi, inakurudishia silinda iliyo duara mezani tu. Uliza swali hili kabla ya kuacha bloku.

Ringi nazo zinataka subira. Kwa turbo ya kawaida, pengo la ringi ya juu ni kipenyo cha silinda mara 0.005: EJ20 inatoa mm 0.46, EJ25 mm 0.50. Ya pili iachie zaidi kidogo. Karatasi ikisema tofauti, fuata karatasi. Sukuma ringi kwa pistoni iliyogeuzwa hadi kama mm 25 ndani ya silinda ili ikae sawa, kisha pima kwa fila geji. Piga tupa ncha moja tu, kutoka nje kwenda ndani, kidogo kidogo, halafu ondoa makali kwa jiwe laini. Pengo likiwa dogo, ncha hukutana injini ikipata moto, ringi hukwama kwenye silinda na kung'oa ukuta wa pistoni. Ukifungua injini ukakuta ncha za ringi zinang'aa, usilaumu pistoni.

Kuhusu pini, hakikisha inaingia kwenye konrodi kwa kidole na klipu zinakaa vizuri. Kwenye EJ pini huingizwa kupitia matundu ya bloku baada ya nusu mbili kufungwa, na klipu iliyokaa nusu haitaonekana tena. Hedi zikiwa zimepigwa fesi, kompresheni imepanda, basi taja hilo unapoagiza pistoni ili upewe zenye bakuli, yaani shimo la juu ya taji, linalofaa.

Seti mpya haitadumu kama kilichovunja ya kwanza bado kipo. Pima presha ya pampu ya petroli, safisha nozeli, tafuta mipira ya busti inayovuja, na kompyuta irekebishwe kwa petroli unayonunua. Kipoza oili kilicho karibu na filta kibadilishwe, kisisafishwe tu: vipande vya pistoni iliyovunjika hujificha ndani yake, na vikitoka baadaye huenda moja kwa moja kwenye beringi mpya.