Kodoma kwenye kitako cha fuvu: upasuaji wa puani na mionzi ya protoni, uzoefu wangu

Nilianza kuona vitu viwili viwili. Nikifumba jicho moja, kimoja kinatoweka. Daktari wa kwanza aliniandikia miwani, na miezi minne ikapotea hivyo. Wa pili alinisogezea kalamu mbele ya uso, akaona jicho la kushoto haligeuki kwenda nje. Akasema neva ya sita, ile inayogeuza jicho kwenda nje, imebanwa, akataka MRI, picha ya sumaku, siku hiyohiyo. Uvimbe ulikuwa kwenye mfupa wa klivasi, katikati ya kitako cha fuvu, nyuma kabisa ya pua.

Kilichoniokoa, naamini, ni kipande cha uvimbe kuchunguzwa maabara mara mbili. Ripoti ya kwanza ilisema kondrosakoma, saratani ya gegedu. Daktari wangu wa upasuaji hakuridhika, akakipeleka kwenye maabara inayouona uvimbe wa mifupa kama huu mara kwa mara. Wakapima protini ya brakiyuri, alama ya kodoma, ikaonekana. Basi ilikuwa kodoma, saratani adimu ya mfupa inayotokana na mabaki ya uti wa awali wa kijusi. Kwenye MRI hizi mbili hufanana mno, lakini kodoma ni sugu zaidi na hupenda kurudi. Dawa za kawaida za kemo haziisaidii sana, kwa hiyo tegemeo ni kisu na mionzi.

Upasuaji ulipita puani kwa kamera, daktari wa pua na wa ubongo wakifanya kazi pamoja. Tundu wakaliziba kwa ngozi laini ya ndani ya pua yangu mwenyewe. Nilikatazwa kupenga kamasi kwa wiki kadhaa, na nikaambiwa maji maangavu yenye ladha ya chumvi yakidondoka puani nipige simu mara moja, huenda ni maji ya ubongo. Hilo walilieleza vizuri. Magamba makavu puani na kupotewa na harufu hawakunitajia, na niliteseka nayo kuliko kidonda chenyewe.

Kisha protoni, siku tano kwa wiki, karibu wiki saba. Miale hii huishia kwenye shabaha, hivyo shina la ubongo lililo jirani hupata kidogo. Kila siku nilifungwa kinyago cha plastiki chenye matundu, na nilitoka nikiwa na alama zake kwenye paji la uso.

Jicho limerudi karibu lote. Nikitazama kushoto kabisa, vitu bado hugawanyika. MRI ya mwisho haikuonyesha kitu. Nyingine ni baada ya miezi sita.