Masomo nayasifu, ila yaliyonikuta mlangoni siku ya siduri sijayameza

Acha niandike haya hasira ikiwa bado moto, maana ikipoa nitaanza kuwatetea. Wanangu wawili wanasoma katika shule moja ya Kiyahudi hapa viungani mwa Chicago. Mpaka msimu wa baridi uliopita, mtu akiniuliza kama shule ni nzuri nilikuwa namjibu bila kusita: mpeleke. Siku hizi nikiulizwa, kwanza navuta pumzi.

Kisa chenyewe ni sherehe ya siduri. Siduri ni kitabu cha sala, na mtoto wa darasa la kwanza akishajua kusoma Kiebrania hukabidhiwa cha kwake mwenyewe mbele ya wazazi. Si jambo dogo. Tangu shule ifunguliwe watoto hawa wanang'ang'ana na herufi zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto, huku irabu zikiwa ni vinukta na vistari vilivyojificha chini yake. Jalada la kitabu hutengenezwa nyumbani na mzazi. Mimi nilishona la kitenge, kipande cha buluu na manjano alichonitumia mama yangu kutoka Eldoret, nikatarizi jina la mtoto kwa Kiebrania. Herufi ya mwisho niliifumua na kuirudia mpaka vidole vikaniuma, kwa sababu nilitaka kitabu hicho akizeeka nacho kimwambie ana kwao kuwili.

Siku yenyewe nilitangulia, mume wangu akibaki kutafuta pa kuegesha gari. Mlinzi wa langoni sina neno naye: aliangalia leseni yangu, akapekua mkoba, akanitakia siku njema. Ulinzi wenyewe sina ugomvi nao. Tangu Oktoba 2018, watu 11 walipouawa kwa risasi ndani ya sinagogi kule Pittsburgh, sijamsikia mzazi hapa akilalamikia mlango wa chuma. Balaa lilikuwa hatua chache ndani, kwenye meza ya stika za majina. Hapo alikaa mama mmoja wa kamati ya wazazi. Sikuwa nimefungua mdomo. Akanyoosha kidole kuelekea korido ya pembeni, akasema, "Mayaya wanasubiri kule. Ukumbini ni wazazi tu."

Nikamwambia mimi ni mzazi, nikamtajia mtoto na darasa. Akainamia orodha, akaliona jina la ukoo la mume wangu, akainua macho, akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Una kitu cha kuonyesha?" Nyuma yangu watu wanapita, wanachukua stika, wanacheka, hakuna anayeulizwa chochote. Nikatoa ile leseni. Akaishika kwa ncha za vidole, akasema majina hayalingani. Yatalinganaje? Mimi nilibaki na jina la baba yangu. Mara mume wangu akatokea, mabega yamejaa theluji, na kabla hajasema hata salamu akapewa stika yake. Ndipo na mimi nikasukumiwa yangu juu ya meza, hakuna pole, hakuna samahani.

Tulipoingia, wimbo wa kwanza ulikuwa umekwisha. Watoto wako jukwaani na mataji ya karatasi vichwani, wenzake wanapunga mikono, na wangu anapitisha macho safu baada ya safu akimtafuta mama yake. Hilo ndilo lililonichoma kuliko kidole cha yule mama.

Na hao mayaya nao wamekosa nini? Ndio wanaowaleta watoto hawa asubuhi, ndio wanaojua nani hali jibini na nani kapoteza glavu. Mtoto uliyemlea anaimba, wewe umewekwa koridoni pamoja na makoti!

Niliandika ofisini. Likaja jibu la mistari michache: kulitokea "kutoelewana", na wanaojitolea pale shuleni wana moyo mwema. Mimi sikuuliza habari za moyo wake.

Mnajua kwa nini naumia hivi? Kwa sababu shule yenyewe inafundisha, tena inafundisha haswa. Nusu ya siku ni hesabu, sayansi na Kiingereza, nusu nyingine ni Kiebrania na Torati, na katika hiyo nusu ya pili watoto huketi wawili wawili juu ya mstari mmoja na kubishana. Mwalimu hakimbilii kuwapa jibu. Mimi nilikosomea, mtoto aliyeuliza "kwa nini" mara mbili alionekana mjeuri. Hawa, Pasaka ikifika, mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye anayefungua maswali manne, watu wazima wanamsikiliza, na hakuna anayemkatiza. Mwezi wa Eluli, kabla ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi, baragumu la pembe ya kondoo dume hulia shuleni asubuhi, na mwanangu mdogo anarudi nyumbani akilipuliza kwa ngumi yake siku nzima. Sikukuu ya Vibanda wanakula nje chini ya matawi wakiwa na majaketi. Sikukuu ya Purimu wanapelekeana vyakula, na fungu la maskini halisahauliki.

Yule mkubwa, wa darasa la tano, alirudi siku moja na somo la historia lililonifanya niache sufuria jikoni. Mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki, mpango ambao vitabu huuita wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu. Kwetu! Wayahudi walituma watu kuikagua, na kongamano lao likaukataa mpango mwaka 1905. Binti yangu alinyoosha mkono darasani akasema bibi yake anaishi hapo hapo. Mwalimu akasimamisha somo, akamwita mbele awaeleze wenzake. Mwalimu wa namna hiyo utampata wapi?

Basi mtoto huyo huyo ndiye aliyenisomea kwamba Talmudi, kitabu cha mijadala ya walimu wa kale wa Kiyahudi, inahesabu mara 36 Torati inapoonya kuhusu kumwonea mgeni, na wengine humo wanasema ni 46. Wanayakariri haya! Na mimi hata mgeni si mgeni. Nilipoingia Uyahudi nilisimama mbele ya marabi watatu, viongozi wa dini, nikahojiwa, nikazama katika maji ya mikve, birika la kujitakasa, Sabato nimeishika kabla mtoto hajazaliwa. Karo ya mtoto mmoja inapita dola 20,000 kwa mwaka, na nailipa kwa zamu za usiku hospitalini.

Ijumaa iliyofuata mwalimu wa Kiebrania alinipigia simu, akaniomba nije niwashe mishumaa ya Sabato darasani. Akaniketisha mbele, karibu na mkate wa hala na juisi ya zabibu, akamwambia mwanangu aufungue ule ukurasa alioufungua jukwaani, aimbe upya. Jalada la kitenge lilikuwa limeshaanza kuchafuka pembeni kwa kushikwashikwa. Nililia mbele ya watoto wa watu. Dakika hizo ningewapa nyota zote tano, ningewasamehe hata mawe.

Halafu nikatoka, nikamkuta yule mama kwenye meza ile ile, anagawa stika. Hakunisalimu.

Kwa hiyo msiniulize kama nawashauri mpeleke watoto. Kwa walimu wale, ndiyo, hata kesho. Kwa kamati ile ya mlangoni, hapana, tena kama mtoto wako anafanana na wangu, mwende wazazi wote wawili na mfike mapema. La, hata hilo nalifuta; kwa nini mimi ndiye niwahi? Fomu ya mwaka ujao nimeijaza yote isipokuwa sahihi. Nimemwandikia mkuu wa shule nikitaka mambo mawili: yule mama aniombe radhi ana kwa ana, na sherehe ijayo mayaya waingie ukumbini wakae na watu. Jibu bado halijaja.