Microsoft 365 ya kulipia kila mwezi: uzoefu wangu kama mhasibu wa maduka

Nianze na pesa, maana kila mteja wangu huanzia hapo. Nafanya hesabu za maduka na karakana kadhaa hapa Dar es Salaam, na kazi yangu karibu yote iko kwenye Excel. Miaka mingi nilitumia Office ya kununua mara moja, ile inayokaa kwenye kompyuta moja na basi. Sasa mimi na msaidizi wangu tunalipia Microsoft 365, kifurushi cha Business Standard. Mwenye duka la vipuri Kariakoo aliposikia alinicheka: "Dada, umeshajenga halafu unarudi kupanga?"

Kwa hesabu tupu ana hoja. Hata miaka miwili haiishi, malipo ya mtumiaji mmoja yameshapita bei ya Office 2024 ya biashara ndogo, ambayo ukiinunua ni yako. Na bei iko kwa dola, kwa hiyo shilingi ikiyumba na wewe unayumba nayo.

Ninacholipia mimi hasa ni faili kuwa moja. Zamani flashi yangu ilijaa majina kama "VAT mwisho", "VAT mwisho kabisa" na "VAT ya kutuma", na hakuna aliyejua ipi ndiyo yenyewe. Flashi hiyohiyo ilipita kwa wateja, ikarudi na virusi vya kila duka. Siku hizi jedwali liko OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft; msaidizi anaingiza ankara akiwa dukani kwa mteja Kariakoo, mimi nikiwa Mbezi naziona zinavyoingia.

Kuna siku, tarehe 19, kesho yake ritani za VAT zinatakiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), msaidizi alipanga upya safu ya tarehe bila kuchagua jedwali zima. Tarehe zikahama, kiasi kikabaki palepale. Ankara ya nondo ikawa imelipwa kabla duka halijaagiza nondo. Ubaya wake, faili lilikuwa limeshajihifadhi lenyewe. Nilibofya jina la faili pale juu, nikafungua historia ya matoleo, nikachagua la asubuhi kabla hajaanza kazi, nikalirejesha. Chai yangu haikupoa. Kwa ile Office ya kompyuta moja, yenye faili kwenye diski yake, tungekesha na boksi la risiti.

Kingine ni fomula. Ile ya kutafuta, XLOOKUP, nimeizoea mno. Inanitafutia bei ya bidhaa kwenye orodha ya wasambazaji bila kuhesabu safu. Excel 2016 na 2019, zile za kununua mara moja, hazina. Nikimtumia mteja mwenye 2019 jedwali langu, fomula inatokea na herufi _xlfn mbele yake, akigusa kidogo anapata #NAME?, kisha ananipigia simu kwamba faili langu ni bovu. Ukinunua mara moja unabaki na vilevile ulivyonunua. Tena matoleo hayo mawili Microsoft iliacha kuyahudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Yanafunguka bado, ila viraka vya usalama havitolewi tena, na wateja wangu wanaweka humo mishahara ya watu. (Zile zilizochakachuliwa na mafundi wa mitaani sizizungumzii, mnajijua.)

Watu hudhani bila bando kazi inasimama. Hapana. Kifurushi changu kinaruhusu kusakinisha Word na Excel kwenye kompyuta, nafanya kazi mtandao ukiwa umekatika, faili linajisawazisha ukirudi. Sharti ni kompyuta iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili ithibitishe kuwa umelipia. Ila angalia: Business Basic, kile cha bei nafuu, ni cha kwenye kivinjari na simu tu, na Excel ya kwenye kivinjari haiendeshi makro za VBA, yaani amri unazoiandikia Excel ifanye kazi yenyewe. Mimi hati za mishahara nazitoa kwa makro, kwa hiyo Basic kwangu ilikuwa haifai hata kwa bure.

Linalonikera ni siku ya malipo. Kadi ikikosa salio na malipo yakachelewa mpaka usajili ukasitishwa, Excel inakuachia kufungua na kuchapisha tu, kuhariri hakuna. Kwa mtu ambaye kodi ya mishahara (PAYE) inatakiwa tarehe 7, hiyo si ya kuchezea. Naweka hela kwenye kadi wiki moja kabla, na kila mwisho wa mwezi nakala ya kila jedwali inaingia kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini.

Kama uko peke yako, una kompyuta moja, unaandika barua na bajeti ya nyumbani, chukua Office 2024. Itahudumiwa mpaka Oktoba 2029. Kama faili moja linashikwa na zaidi ya mtu mmoja, lipia kwa mwezi. Anza na msaidizi mmoja, na usisaini mkataba wa mwaka kabla hujaona mtandao wa mtaani kwenu unavyobeba.