LibreOffice katika duka la kuchapia: tathmini kutoka Bukavu

Kwa miezi minane sasa, kompyuta tatu za duka letu la kuchapia na kutoa fotokopi hapa Nyawera zinatumia LibreOffice, programu ya kuandikia na kupanga nyaraka, na tathmini hii nawaandikia wenzangu wa kazi hii ambao bado wanategemea nakala za wizi za programu za kulipia. Sisi pia tulizitegemea. Programu ya kibiashara tuliyokuwa nayo, ambayo leseni yake hatukuwahi kuimudu, ilijifunga asubuhi moja mwanafunzi akiwa ameketi kando yangu, akisubiri tusahihishe sura ya tatu ya kazi yake ya kuhitimu: maandishi tuliyaona, lakini hata nukta moja hatukuweza kuibadilisha.

LibreOffice ni programu huria iliyochipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, ile ambayo, kwa sababu msimbo wake, yaani maagizo yaliyoiunda, ulikuwa wazi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kushiriki kuifasiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Leseni ya LibreOffice inaruhusu kuinakili na kumpa mwingine. Hapa kwetu, ambako kupakua megabaiti zaidi ya mia tatu humaliza kifurushi, ruhusa hiyo ina thamani kubwa: tuliipakua mara moja, tukaihamisha kwa flashi.

Hofu yangu ilikuwa mpangilio wa kurasa kubadilika. Wanafunzi hutakiwa kutumia Times New Roman, na kompyuta isipokuwa na fonti hiyo, yaani mtindo huo wa herufi, LibreOffice huweka Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, hivyo mistari hukatika palepale. Kazi ya kurasa 64 niliyoilinganisha ilibaki na kurasa 64. Majedwali yenye seli zilizounganishwa, kwa kweli, huvurugika mara nyingine yanapofunguliwa kwingine, kwa hiyo kazi iliyokamilika tunaitoa kama PDF, faili ambayo mpangilio wake haubadiliki, na programu yenyewe hufanya hivyo bila nyongeza yoyote.

Umeme ukikatika, kama unavyokatika, dirisha la kuokoa nyaraka hujitokeza tunapowasha tena. Dirisha hilo hutegemea hifadhi ambayo programu huifanya yenyewe, kwa kawaida kila dakika 10. Muda huo nimeupunguza hadi dakika 2, na nawasihi mfanye vivyo hivyo siku ya kwanza.

Anayehitaji faili ya kusakinisha aje na flashi yenye nafasi ya gigabaiti moja, hatutozi chochote.