Capcom Beat 'Em Up Bundle: gemu saba za ngumi na kikombe cha sarafu mezani

Siku ya kwanza nlimaliza Final Fight ndani ya kama saa moja hivi na nikasikitika, sio utani. Hii gemu enzi zile imekula hela yangu ya mkate, hela ya daftari, na siku moja hela ya mafuta ya taa (nlichapwa, na nlistahili), na sijawahi kuimaliza hata mara moja, alafu leo nipo kwenye kochi nimekufa mara thelathini na kitu, kila nikifa nabonyeza batani koini inaingia, bure, naamka pale pale nilipoangukia. Belger, bosi wa mwisho, akaangukia nje dirishani, majina ya waliotengeneza yakapita, nikabaki nimeshika pedi najiuliza ndo hii?

Kwa wasioijua, ni mkusanyiko wa gemu saba za kampuni ya Capcom za zile mashine za kusimama, zile unatembea kuelekea kulia unapiga kila anayekuja. Umetoka 2018 kwa PS4, Xbox One, Switch na kompyuta, mi ninao wa PS4. Ndani kuna Final Fight ya 1989, alafu The King of Dragons, Captain Commando na Knights of the Round zote za 1991, Warriors of Fate ya 1992, Armored Warriors ya 1994 na Battle Circuit ya 1997. Bei yake ni dola 20 kasoro senti ila mi nlisubiri ofa. Akaunti yangu ya PlayStation ni ya Marekani kama watu wengi tu huku Bongo, kwaiyo unanunua vocha, unaingiza, unashusha gemu. Jamaa aliyeniuzia vocha alikaa na hela yangu siku mbili, kila nikipiga simu "braza inakuja, inakuja", hiyo kesi tuiache.

Sasa hilo la koini. Kiukweli hizi gemu zilitengenezwa ili zimeze hela, hakuna siri hapo, na ukicheza na akili ya mtu mzima unaiona kabisa mitego ilivyotegwa. Final Fight wanakuja wawili mbele yako, unaanza kumshughulikia mmoja, kumbe watatu wameingia kwa nyuma, umebanwa, unabonyeza batani mbili pamoja unazunguka unawaangusha wote, raha, ila ile pigo la kujiokoa linakata damu (uhai) yako mwenyewe. Yaani ukijiokoa unalipa, usipojiokoa unalipa. Na yule bosi Sodom wa ulingoni ndo alikuwa benki kuu ya mwenye mashine, jamaa ana panga mbili anakuja kwa kasi toka upande wa pili wa ulingo, ukisimama naye mstari mmoja umekwisha. Dawa yake ni kupanda juu au kushuka chini kidogo akianza kukimbia, akipita unamdaka kwa nyuma, na panga likimtoka mkononi liokote wewe kabla yake. Hili nimelijua mwaka huu. Mwaka huu! Ningelijua nikiwa darasa la tano ningekuwa na hela saa hizi.

Aliyeniokoa na huzuni ni braza wangu. Alikuja Jumapili akanikuta nagonga koini hovyo akacheka sana, akasema dogo hiyo sio gemu, hiyo unaangalia sinema. Akaingia chumbani kwangu akatoka na zile sarafu za mia zinazokaa kwenye droo, akahesabu tano zake, tano zangu, tano za mpwa wetu ana miaka tisa, akaweka kikombe katikati ya meza. Ukifa laifu zako zote zikaisha, ukitaka kuendelea sukuma sarafu moja kikombeni ndo ubonyeze. Sarafu zikiisha umetoka, kaa pembeni uangalie wenzako. Hakuna kukopeshana. Final Fight ni ya wawili tu kwa wakati mmoja, kwaiyo wa tatu anangoja pedi.

Wanangu, ile gemu iligeuka hapo hapo. Watu wakaanza kukaa mbele ya kochi badala ya kuegemea. Dogo, yule mpwa, ambaye alikuwa anarukaruka anapiga hewa akaanza kuuliza, anko huyu nimpige nimuache? Mara mtu ana damu kidogo, kuna kuku kwenye pipa, mnaangaliana nani amle. Na braza bado anacheza na Haggar tu, hajabadilika tangu utoto, yule meya wa Metro City aliyekuwa mwanamieleka, binti yake katekwa na genge la Mad Gear basi meya kavua shati kaingia mtaani mwenyewe kuwafuata. Braza anapenda lile la kumdaka mtu, kuruka naye juu na kumshindilia kichwa chini. Mi nachukua Guy, anapiga haraka haraka na anaweza kukanyaga ukuta akarudi na teke. Cody sijawahi kumwelewa ila ukimpa kisu huwa hakirushi ovyo kama wengine, anabaki nacho anachoma.

Kwa mtindo huo wa kikombe gemu iliyoshika namba moja nyumbani kwetu sio Final Fight tena, ni Knights of the Round, na sikuitegemea. Mnacheza watatu, Arthur, Lancelot na Perceval, mkiua mnapanda levo na mavazi yanabadilika. Ila utamu wake upo kwenye vitu viwili. Kwanza kuna kukinga: unabonyeza kupiga huku unavuta stiki nyuma, ukiiotea sawa na pigo la adui hupati kitu, ukikosea unakula upanga wa uso. Pili, chakula kinagawanyika! Kikitokea chakula chini, ukikipiga na upanga badala ya kukiokota kinakatika vipande, kila mtu anachukua chake. Sasa hapo ndo nimejua tabia za watu wa familia yangu. Dogo anakata, kila mara, hata akiwa na damu kidogo anakata kwanza alafu anaita "anko njoo". Braza anameza kizima na kusema hakuona.

Captain Commando mnaweza kuwa wanne mkiwa na pedi, na humo kuna steringi ambaye ni mtoto mchanga anaendesha roboti, Baby Head. Dogo akimchagua anacheka mpaka anakufa steji ya kwanza. Hadithi yake imewekwa mwaka 2026, yaani mwaka 1991 walikaa wakaona 2026 tutakuwa na ninja, maiti iliyoviringishwa bandeji toka sayari nyingine na kichanga kwenye mashine. Battle Circuit nayo ni ya wanne, na mmoja wa mashujaa ni mbuni wa pinki amebeba katoto ka kike mgongoni. Mbuni! Anapiga mateke vizuri sana, nisiseme uongo. Hiyo Battle Circuit ndo ilinishtua zaidi kwa ubora, rangi zake, mapigo unayanunua kati ya steji na steji kwa hela uliyookota, na yenyewe pamoja na Armored Warriors hazikuwahi kutolewa kwa mashine za nyumbani kabla ya mkusanyiko huu. Armored Warriors ni maroboti, ukimvunja adui unachukua mkono wake au miguu yake unajifunga wewe. Wazo zuri ila skrini inajaa milipuko mpaka unajitafuta upo wapi. The King of Dragons ni fupi fupi, steji inaisha hujakaa sawa, tunaicheza tukisubiri chakula. Warriors of Fate ina farasi, inatosha kusema hivyo, ukipanda farasi huoni sababu ya kushuka.

Malalamiko ninayo. La kwanza ni kilichokosekana. Capcom hao hao wana Cadillacs and Dinosaurs na The Punisher za 1993 na Alien vs. Predator ya 1994, na mtu yeyote wa rika langu ukimwambia gemu za ngumi za Capcom ataanza na moja kati ya hizo. Ila wahusika wake ni mali ya kampuni nyingine kwaiyo hazimo, na najua sababu na bado nanuna. La pili, picha haijazi TV, inakaa katikati kwa umbo la zamani na michoro pembeni, mi naona ndo sawa ila mke wangu kila akipita anauliza hiyo TV imeharibika. La tatu ni umeme. Tulifika kwa Belger, sarafu zimebaki mbili, dogo amesimama kabisa, giza. Ulivyorudi tukaanza Final Fight mwanzo kabisa, kwenye lile pipa la kwanza. Onlaini ipo, unaweza kucheza na watu wa mbali, nimejaribu usiku mbili kwa bando la simu, nikampata mtu mmoja tu na alikuwa anatembea kama anavuta tope, nikaachana nayo. Hii ni ya watu waliokaa chumba kimoja.

Kwaiyo nunua, ikiwa kwenye ofa nunua haraka, ila tafuta pedi ya pili kwanza, ukicheza peke yako na koini za bure utaimaliza yote wikiendi moja alafu utakuja kuniambia nimekudanganya.

Jana tumefika tena kwa Belger. Yule mzee anakaa kwenye kiti cha magurudumu, kamshika Jessica, binti wa Haggar, mishale inaruka kila upande. Mi nlishatoka zamani, braza kaishiwa akiwa na mdomo umejaa lawama, kabaki dogo na sarafu yake ya mwisho. Akafa. Akaiangalia ile mia, akaangalia kikombe, skrini inahesabu tisa, nane, saba, akaitia mfukoni akasema anko mi hii nanunua ubuyu.

Braza hajamsamehe mpaka naandika hapa.