TAHADHARI: Watu wanaouza meza za vitabu zisizo zao katika matamasha ya Waskoti

Ndugu waandishi wenzangu mnaoishi Marekani na Kanada, hasa nyinyi mliojichapishia vitabu kwa fedha zenu wenyewe, naandika tahadhari hii baada ya kutapeliwa dola 2,340 na watu waliojitambulisha kuwa mawakala wa kutangaza vitabu katika matamasha ya urithi wa Waskoti. Jina la kampuni yao silitaji, kwa sababu tangu Juni hadi leo wamekwisha kulibadilisha mara mbili, na atakayekariri jina watampita wenyewe wakiwa wamevaa jina jingine. Ninachotaka mkifahamu ni mbinu yao, kwa kuwa hiyo haijabadilika.

Huenda mtu akauliza Mswahili anatafuta nini kwenye michezo ya Waskoti. Kitabu changu kinawahusu Abdullah Susi na James Chuma, watu wawili walioongoza msafara uliobeba maiti ya David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, alikofariki mwaka 1873, hadi Bagamoyo, ambako walifika Februari 1874 baada ya kutembea zaidi ya kilomita 1,500, moyo wake wakiwa wameuzika kulekule chini ya mti. Livingstone alizaliwa Blantyre ya Uskoti, na mababu zake walitoka kisiwa cha Ulva, kwa hiyo mzee yeyote anayejivunia damu ya Kiskoti hulijua jina lake. Waliompeleka pwani ndio hawajulikani. Niliona kwamba wasomaji wangu wamo humo. Nami naishi Carolina Kaskazini, ambako watu wa nyanda za juu za Uskoti walianza kuhamia bonde la mto Cape Fear kwa makundi tangu mwaka 1739, na ambako kila Julai, tangu mwaka 1956, koo zao hukusanyika kwenye uwanja wa MacRae Meadows, kando ya mlima Grandfather, kwa zumari, ngoma na mashindano ya kurusha magogo. Tamasha ambalo jina lake lilitumiwa kunitapeli si hilo, lilikuwa katika jimbo la jirani, nalo pia halikuwa na kosa lolote.

Mpigaji wa kwanza alinipata katikati ya Aprili, nikiwa kazini. Alijua jina la kitabu, idadi ya kurasa na hata tarehe kilipotoka, mambo ambayo, nilipoyafikiria baadaye, yote yameandikwa mahali kitabu kinapouzwa. Alisema kwamba kamati ya tamasha imekiteua kitabu changu miongoni mwa vitabu kumi vya mwaka huu, na kwamba yeye binafsi aliguswa mno na ushujaa wa Susi, mwanamke aliyethubutu kuvuka pori lote lile akiwa na maiti. Susi alikuwa mwanamume, na hakuna aliyefungua ukurasa wa kwanza wa kitabu changu akabaki na shaka juu ya hilo; bwana yule alikuwa amelisikia jina kwa masikio ya Kiingereza, kama Susie, jina la kike, akaishia kwenye jalada. Nilimsahihisha kwa upole, akaomba radhi, nikaendelea kumsikiliza. Hapo ndipo nilipopaswa kukata simu, lakini mwandishi aliyekaa miezi minane bila kusifiwa na mtu hakati simu ya anayemsifu.

Malipo ya kwanza yalikuwa dola 1,450 kwa nusu meza kwa siku mbili, bango moja, na mfanyakazi wao wa kusimama hapo kuzungumza na wageni. Hayo niliyalipa kwa kadi ya mkopo, na nashukuru kwamba nilifanya hivyo. Wiki mbili baadaye alipiga mwingine, akisema kwamba tamasha linadai bima ya meza, dola 390, na kwamba mashine yao ya kadi ina hitilafu, kwa hiyo nitume kwa Zelle, huduma ya kutuma fedha moja kwa moja kutoka akaunti hadi akaunti. Nikatuma. Siku chache kabla ya tamasha likaja deni la tatu, dola 500, kwa ajili ya nakala 50 za maonyesho ambazo wangezichapisha wao, ingawa mimi nilikuwa na maboksi matatu ya vitabu sebuleni na niliwaambia hivyo. Wakajibu kwamba nakala za maonyesho sharti ziwe na karatasi maalumu. Hizo nazo nikazituma, kwa Zelle vilevile, kwa sababu mtu akishatoa 1,450 huona 500 kama kizibo cha kuzuia zile za mwanzo zisimwagike.

Waliniambia sina haja ya kusafiri. Nilisafiri hata hivyo, saa tano kwa gari, bila kuwaarifu. Asubuhi ya Jumamosi nilifika kwenye lango la wauzaji, ambako mama mmoja wa kujitolea, aliyevaa koti la mvua juu ya kilti yake, ile sketi ya Kiskoti, alipitisha kidole kwenye orodha yake ya karatasi kuanzia juu hadi chini, akaigeuza, akaanza upya. Jina langu halikuwamo, wala la kampuni. Aliniuliza kama nililipa kwa mtu aliyenipigia simu. Nilipokubali, alifunga kalamu yake, akaniambia kwamba mimi ni wa nne tangu jana.

Mvua ilinyesha siku ile yote. Nataja mvua kwa sababu Jumatatu niliporudi nyumbani, viatu bado vimejaa matope, nilikuta barua pepe ya kunipongeza, pamoja na picha ya kitabu changu kikiwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha tartani, kile cha mirabaraba ya Kiskoti, jua linawaka, na nyasi nyuma yake zimekauka hadi kuwa njano. Kwenye kona ya picha kulikuwa na kikombe cha kahawa na ncha ya kidole gumba cha mtu. Nikampelekea picha hiyo mwandishi mmoja niliyekutana naye pale langoni, bibi wa miaka sabini na kitu aliyeandika riwaya ya mapenzi yenye kisa cha vita vya Culloden huko Uskoti, naye akanirudishia yake. Kitambaa kilikuwa kilekile, kikombe kilekile, kidole kilekile. Majalada tu ndiyo yaliyobadilishwa.

Sasa nieleze jinsi nafasi hizi zinavyopatikana kihalali, kwa sababu anayeujua utaratibu wa kweli hawezi kuuziwa wa uongo. Nafasi ya kuuza katika tamasha hutolewa na waandaaji wenyewe, kwa fomu yao wenyewe, na fedha huingia kwenye akaunti yao. Fomu hizo kwa kawaida hufunguliwa miezi mingi kabla, mara nyingi wakati wa baridi kwa tamasha la kiangazi, na waandaaji huwachagua wauzaji ili uwanja usijae sonara kumi na mwuza vitabu asiwepo. Kwa hiyo simu ya Aprili yenye nafasi ya Juni ilikuwa na kasoro hata kabla ya kutaja bei. Unachokodi kwa kawaida ni kipande cha ardhi tu, mara nyingi futi kumi kwa kumi. Hema, meza, viti na mawe ya kuzuia upepo usibebe hema ni juu yako. Bima matamasha mengi huidai kweli, tena ya dhima, yaani ya kulipia madhara utakayowasababishia wengine, ya hadi dola milioni moja, lakini unainunua wewe kutoka kwa kampuni ya bima, cheti kinakuja kwa jina lako, na tamasha linatajwa ndani yake. Bima isiyo na cheti chenye jina lako ni hadithi. Vilevile, katika majimbo yenye kodi ya mauzo utatakiwa kujisajili kwa kodi hiyo, na hakuna wakala aliyenitajia jambo hilo hata mara moja, jambo ambalo leo naliona kuwa ushahidi tosha kwamba hawakuwahi kuuza hata kitabu kimoja uwanjani.

Ipo pia njia ambayo matapeli hawaizungumzi kwa kuwa haina fedha. Katika matamasha haya kila ukoo huwa na hema lake, lenye ramani, vitabu vya nasaba na wazee wanaosubiri mtu aje kuuliza babu yake alitoka wapi. Mwandishi ambaye kitabu chake kinagusa historia ya ukoo fulani anaweza kuwaandikia viongozi wa jumuiya ya ukoo huo na kuomba kona. Yule mama wa langoni ndiye aliyenipeleka kwenye hema la ukoo mmoja wa visiwa vya magharibi, na Jumapili nilikaa hapo saa tano, nikauza nakala 14 kutoka kwenye buti la gari. Mzee wa hema hakutaka hata senti. Alitaka nimfundishe kutamka Bagamoyo.

Nakala hizo 14 zilinifanya nipige hesabu niliyopaswa kuipiga mwezi Aprili. Kitabu nakiuza dola 18, kukichapisha na kukisafirisha kunanigharimu 6, inabaki 12. Ili nusu meza ya dola 1,450 ijilipe, ningehitaji kuuza nakala 121 kwa siku mbili, na kwa jumla ya 2,340, nakala 195. Hata kama meza ile ingekuwepo, ingekuwa biashara ya hasara.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya watu wachache wasio makini. Huko San Diego, waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani wamewashtaki watu wanaodaiwa kuwalaghai waandishi zaidi ya 800, wengi wao wazee, jumla ya zaidi ya dola milioni 44, kwa ahadi za wachapishaji wakubwa na watengeneza filamu, kisha ada juu ya ada. Sina ushahidi wa kuwaunganisha na walionipigia mimi. Mtindo lakini ni uleule: sifa kwanza, ada ndogo baadaye, halafu ada ya kuikomboa ile ada. Kundi la Writer Beware, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likifuatilia utapeli dhidi ya waandishi, limeandika sana juu ya simu za namna hii, na ni vyema kulitafuta jina la kampuni huko kabla ya kutoa namba ya kadi. Wengine hawapigi simu. Hujitokeza kwenye kurasa za matamasha mitandaoni wakidai kuwa nafasi za wauzaji bado zipo, wakitumia nembo waliyoinakili.

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki. Niliipigia benki iliyotoa kadi, kisha nikatuma pingamizi kwa maandishi, nikiambatanisha ankara, zile picha mbili zenye kidole kimoja, na barua fupi ya waandaaji wa tamasha inayosema kwamba kampuni hiyo hawaijui. Sheria ya Marekani inampa mwenye kadi ya mkopo siku 60 za kulalamika kwa maandishi, tangu alipotumiwa taarifa ya kwanza yenye malipo hayo, nami nilikuwa bado ndani yake kwa siku tisa. Dola 1,450 zikarudi. Zile 890 za Zelle benki ilisema nilizituma kwa hiari yangu, na hilo ni kweli. Nimeripoti pia kwa Tume ya Biashara ya serikali kuu na kwa kituo cha FBI cha uhalifu wa intaneti, na nawaomba mliopatwa mfanye hivyo hata kama kiasi ni kidogo. Aliye Uingereza na aliyelipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 aulize benki yake kuhusu kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974.

Jumanne iliyopita simu ililia tena. Mpigaji alijitambulisha kuwa anatoka ofisi inayowasaidia waandishi waliotapeliwa, akataja kiasi kilekile, 890, kiasi ambacho nje ya familia yangu kinajulikana na benki, na wale niliowaripotia, na wezi wenyewe. Angenirudishia zote ndani ya siku tatu, ilimradi nilipe kwanza ada ya kufungua faili, dola 300, kwa Zelle. Nilimuuliza kama amekisoma kitabu changu. Akasema ndiyo, na kwamba alimpenda sana Susi, mama yule jasiri.